Tranka tatu na mfuko mmoja mpaka Ukara

Siku ya kwanza, Alhamisi. Mwanza

Leo nimefunga kibanda saa sita mchana, kitu ambacho fundi wa sare hafanyi mwezi wa kwanza hata akiwa amefiwa. Makoroboi wiki hii hapapitiki, wazazi wamejaa na makaratasi ya shule mkononi, kila mmoja anataka sketi ya kesho, afu mie ndo nazima cherehani nasema narudi Jumatano. Mama mmoja akaniangalia juu mpaka chini akasema fundi wewe umepata hela za wapi. Sijapata hela mama, naenda kutumia za watu.

Nieleze kidogo. Kikundi chetu tuko 34, wengi ni watu wa Makoroboi na Kirumba, mafundi, wauza dagaa, bodaboda, walimu wawili wastaafu, na wachache walihamia Dar ila hawajatoka kwenye group. Tulianza na msiba. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama pale kisiwa cha Ukara wakafa watu zaidi ya 220, mwenzetu mmoja akapoteza shangazi yake, tukafungua group la WhatsApp la rambirambi, tukachanga, tukazika, hela ikabaki laki na kitu. Kwa kawaida hela kama ile huwa inaishia kwenye soda za arobaini. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, akasema jamani watoto wa marehemu wapo, shule zinafunguliwa Januari, tuwanunulie sare. Ndo ikawa hivyo mpaka leo, elfu kumi kila mwezi, usipotoa miezi mitatu mwekahazina anaandika jina lako group zima lione.

Watu wanatuulizaga, kwani si elimu ni bure? Ada ndo hamna, ni kweli. Tangu 2016 mpaka form four haulipi ada, na tangu 2022 mpaka form six. Zamani sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka na bweni 70,000, na kuna watu tulirudishwa nyumbani kwa hiyo elfu ishirini, nimo. Lakini mimi nashona, najua kinachobaki. Sketi mbili, mashati mawili, sweta, viatu vyeusi vya kamba, kauntabuku za kila somo, mkebe, begi, na akipangiwa shule ya mbali ongeza tranka, godoro, shuka, ndoo, jembe au fyekeo, ufagio wa chelewa, rimu ya karatasi. Ukijumlisha unakuta ile ada yenyewe ndo ilikuwa kitu kidogo.

Mwaka huu tuna watoto wanne wa visiwani. Watatu wapya wanaingia form one, kila mmoja na tranka yake. Wa nne ni binti tuliyemsaidia mwaka jana, akaenda shule, Pasaka ikapita, akapotea. Yeye nimemwekea mfuko wa nailoni tu, sketi moja na shati moja, na niseme ukweli hata huo mfuko nilikuwa naupinga. Katibu ndo alikomaa. Akasema shona fundi, asipokuwepo tutamrudisha nao.

Sketi nimeikata kwa vipimo vya mwaka jana maana viko kwenye daftari langu, ila nimeacha pindo la vidole vinne na nimelishona kwa mishono mirefu ili mama mtu aweze kulifumua kwa wembe. Mtoto wa form one anarefuka kama mahindi ya masika. Fundi mwenye haraka anaacha kidole kimoja, kufika form two sketi iko juu ya magoti, mtoto anaivuta vuta, mwalimu wa nidhamu anaona huyu ana tabia mbaya, kumbe tabia mbaya ni ya fundi.

Siku ya pili, Ijumaa. Ziwani mpaka Nansio

Tuko watatu. Katibu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, mimi, na mwekahazina wetu kijana wa bodaboda wa Igoma, mimi namwita Dogo ingawa yeye anapenda aitwe Mhasibu. Meli ya Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, inaondoka bandari ya Kaskazini na leo imejaa tranka mpaka kwenye ngazi, za bluu, za kijani, za maua, watoto wamezikalia kama viti. Magodoro yamefungwa kamba yamesimama kama watu. Tranka yetu moja imeshabonyezwa kona na mzigo wa soda kabla hata hatujatoka, Dogo akataka kugombana na kuli, Mwalimu akamwambia kaa chini mhasibu, tranka siyo yai.

Ni masaa matatu na zaidi majini. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kisukuma, salamu za mwangaluka nyingi kwanza, afu akanipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kanga, tukawa tunatafuna huku tunaongea. Anauza dagaa Kirumba mwaloni anafuata mzigo Ukerewe, ila wiki hii anasema anafuata madeni maana dagaa hamna. Dogo akauliza hamna kivipi na ziwa lipo. Yule mama akacheka mpaka michembe ikamwanguka. Akamweleza, we mtoto wa lami, dagaa wanavuliwa usiku wa giza, unawasha taa wanaifuata, sasa mbalamwezi ikiwaka juu ziwa zima nani ataifuata taa yako? Mwezi ukikaribia kujaa mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu na kulala. Jumatatu mwezi unajaa.

Jumatatu hiyo hiyo ndo shule zinafunguliwa. Nilikaa nikalifikiria hilo njia nzima. Yaani nusu ya wazazi wa visiwani wiki ya kudaiwa kila kitu ndo wiki hawana hata mia.

Nansio tulifika mchana, tukawakabidhi watoto wawili palepale, wazazi wao walishapigiwa simu. Hakuna cha ajabu, wote wana watu, mmoja baba yake ana duka dogo lililoungua, mwingine analelewa na dada yake mkubwa. Tumesaini, tumeshikana mikono. Mmoja wa wajumbe wetu walioko Dar akatuma meseji anataka picha za watoto wameshika madaftari. Hizo tuliacha tangu 2021. Tulikuwa tunawapanga mstari mtoto kashika daftari kifuani kama mtu wa polisi, afu ile picha inazunguka, siku moja mtoto akaiona kwenye simu ya mwenzake darasani akakaa wiki nzima hataki kwenda. Tunapiga picha risiti. Ukitaka sura ya mtoto panda meli uje umsalimie.

Siku ya tatu, Jumamosi. Bugorora, Bwisya, na nyumba ya mwisho

Asubuhi tulikodi gari mpaka Bugorora, vumbi limetukaa mpaka kwenye kope. Hapo unavuka na kivuko kwenda Bwisya, Ukara. Ni safari fupi, ndo maana inauma. Kivuko kilichozama 2018 kilikuwa kinakaribia kabisa gati la Bwisya, watu wa nchi kavu walikuwa wanawaona. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugorora, wanawake wametoka kununua na kuuza. Tulivyokaribia kushuka hakuna aliyeongea, hata Dogo. Pale kuna makaburi na mnara, Mwalimu huwa anapita kwanza hapo anasimama kidogo, sisi tunamsubiri na mizigo.

Mtoto wetu wa tatu ni mvulana aliyempoteza mama yake siku ile akiwa na miaka sita. Sasa ni form one, kapangiwa ng'ambo Ukerewe. Anaishi na babu yake, mzee mmoja mkali mwenye ng'ombe wawili anaowafungia ndani kwenye shimo na kuwaletea majani, samadi yote inaenda shambani, hivyo ndivyo Wakara wamelima tangu mababu maana kisiwa ni kidogo na watu ni wengi. Babu alikagua tranka kama afisa wa forodha. Akahesabu kauntabuku. Akauliza jembe liko wapi, tukamwonyesha. Afu akasema haya ya mtoto yametosha, sasa mimi nikiugua nani atamrudisha huyu kutoka shule kuja kuniuguza? Hatukuwa na jibu. Jibu lake alikuwa nalo mwenyewe, anataka ile bima ya afya ya jamii, CHF, wakati huo ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Dogo akaandika kwenye daftari. Mie nikawa namwangalia yule kijana, amesimama mlangoni, kimya, na nikaona kweli asilimia mia, huyu hatoki shuleni kwa kukosa daftari, anatoka siku babu atakapokohoa.

Nyumba ya binti iko mwisho wa kijiji, karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Hapo niseme kitu ambacho sikukiandika kwenye group. Mwaka jana alivyopotea group zima lilishahukumu, kapata mimba, na aliyetuma sauti ndefu kuliko wote ni mimi. Nilisema hawa watoto wa mwaloni tunapoteza hela. Dakika mbili na sekunde kumi na nne, bado ipo, nimeisikiliza tena leo nikiwa chooni ili mtu asisikie.

Tulimkuta mama mtu anafumua wavu, mikono imechanika chanika na kazi ya dagaa. Shikamoo baba kwa Mwalimu, karibuni, karibuni, akatukunjulia mkeka. Watoto mapacha wa miaka mitano hivi wakaja kushika tranka ya mjukuu wa babu ambayo Dogo alikuwa bado ameibeba mgongoni. Mama akasema aah msiguse, ya wenyewe. Afu akatukaribisha ndani tukanywe maji.

Pembeni ya kitanda kulikuwa na tranka ya bluu. Niliitambua hapo hapo, jina la binti nililichora mwenyewe kwa rangi nyeupe, herufi ya mwisho ilimwagika ikawa kama ina mkia. Juu yake kuna jiwe. Dogo, bila hata kuambiwa, akatoa jiwe akafunua. Harufu ikatupokea. Dagaa mpaka juu, wakavu, wanang'aa, wamewekwa kwenye kiroba kilichokunjwa mdomo vizuri, na kwenye kona kauntabuku mbili zimeviringishwa nailoni ili zisishike harufu.

Dogo akasema, mama, hii tranka tuliinunua ya shule.

Akajibu, najua mdogo wangu. Panya hawaingii.

Hakusema kwa ubishi, alisema kama anamweleza mtu asiyejua panya. Dogo alikuwa ameshakasirika, alichangisha ile hela kwa kutukanwa na watu, nikamwona mishipa. Mwalimu akamkanyaga mguu.

Basi tukakaa, na stori ikatoka kidogo kidogo. Mwaka jana mwezi wa tatu pacha mmoja aliumwa sana, akakopa elfu sitini kwa tajiri wa mitumbwi. Masharti ya kule ukikopa kwa tajiri dagaa wako unamuuzia yeye kwa bei yake mpaka deni liishe, na kama huna dagaa unaenda kambini kwake, kwenye vile visiwa vidogo, unawapikia wavuvi na kuanika. Yeye akaenda. Mapacha huwezi kuwapeleka kambini, wakabaki na binti. Binti akawa anaenda shule siku mbili anakosa tatu, afu akaacha. Basi. Hakuna mimba, hakuna utoro wa kihuni, ni elfu sitini tu. TASAF, ule mfuko wa serikali, ilipopita kuorodhesha kaya maskini yeye alikuwa kambini, hakuandikwa.

Na dagaa ndani ya tranka? Hapo ndo macho yake yaliamka. Akatoka nje akarudi na visoda vya bia kwenye kopo, akavipanga mkekani, kila kisoda ndoo moja. Wakati wa giza ndoo ya dagaa wakavu anaipata elfu kumi na nane, mbalamwezi ikikaa juu na mitumbwi iko mchangani ndoo hiyo hiyo inaenda ishirini na tano, ishirini na sita. Cha kufanya ni kununua giza na kuuza mbalamwezi. Kila mtu mwaloni anajua, ila wengi hawana hela ya kushikilia mzigo wiki mbili na hawana pa kuuweka, panya wanamaliza, unyevu unamaliza. Yeye pa kuweka alipata, tukamletea sisi bila kujua. Amekuwa anaficha ndoo moja moja mle, nje ya macho ya tajiri, na kwa hizo ndoo moja moja ndo amewalisha mapacha tangu Oktoba.

Mwalimu akavua miwani akaifuta. Alifundisha hesabu miaka 31 na nadhani hakuwahi kuona visoda vimepangwa vile.

Siku ya nne, Jumapili. Jiwe la netiweki

Kanisani, uji, afu vurugu.

Mama hakutuomba sare. Aliomba laki na nusu. Sitini amalize deni awe huru kuuza anapotaka, tisini anunue ndoo tano giza likirudi. Akiwa na hizo haendi kambini, na asipoenda kambini binti anaenda shule. Ndivyo alivyopanga, hakuongeza neno.

Tatizo ni katiba yetu, imeandikwa kabisa, hela ya kikundi ni ya elimu, isitumike kwenye biashara. Niliiandika mimi na Mwalimu 2019 tukiwa tunaogopa watu watakuja kuomba mitaji ya saluni. Ikabidi tulipeleke group. Netiweki Ukara inapatikana vizuri juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya kanisa, basi Mwalimu, mzee wa miaka sitini na saba, akapanda jiwe kwa viatu vya kwenda kanisani, mimi nimemshika kiuno, Dogo anashika simu mbili. Wanakijiji wakaja kutazama. Ukara ina jiwe maarufu linalocheza, Dogo alikuwa anataka tukalione, kijana mmoja akamwambia huna haja, hili leo linacheza lenyewe.

Sauti zikaanza kuingia. Tukianza kulipa madeni ya watu tutamaliza lini. Huyo mama katapeli tranka. Mwingine, muuza dagaa wa Kirumba, akasema nyie mafundi na walimu hamuelewi kitu, huyo mama ana akili kuliko sisi wote, mpeni. Mmoja akauliza kwa nini asifuge kuku, mwaka juzi kule Sengerema tulimpa mtu kuku wakafa, amesahau. Mwalimu akawaambia jambo moja tu, mwaka jana tulitumia kwa huyu mtoto laki mbili na elfu kumi na nne na tulipata miezi mitatu ya shule, mwenye hesabu nzuri zaidi ya hiyo aseme. Nikabonyeza sauti yangu na mimi. Nikasema ile dakika mbili na sekunde kumi na nne ya mwaka jana naifuta, nilikosea, binti alikuwa analea.

Kura 19 ndiyo, 8 hapana, 7 kimya kama kawaida yao. Ila waliosema ndiyo walisema ndiyo kwa tisini tu, iwe mkopo, deni la tajiri halituhusu. Sawa. Mwalimu akaenda kwa tajiri mwenyewe jioni. Nilitegemea shetani, nikakuta mzee mnene mpole anakula sato, watoto wake wawili wako chuo, akasema mwalimu hata mimi wangu wamesomeshwa na dagaa, nileteeni nusu, nyingine alete akiuza mara mbili, na kuuza auze anapotaka. Ile nusu, elfu thelathini, tumetoa mfukoni kumi kumi sisi watatu. Dogo ananung'unika mpaka sasa ivi, anasema hiyo ilikuwa ya oili.

Tukaanza kuandikiana mkopo. Dogo akamwambia, utarejesha elfu kumi kila mwisho wa mwezi. Mama akatikisa kichwa. Akasema mdogo wangu, mwezi wenu nyie ni wa mshahara, wangu mimi ni ule pale, akanyosha kidole, ulikuwa unachomoza juu ya ziwa mkubwa kama sinia. Mwisho wa mwezi wenu mimi naweza kuwa nimenunua sina kitu. Nidaini ukijaa.

Binti mwenyewe alikuja usiku, alikuwa kwa bibi yake. Amerefuka! Sketi nikamjaribisha ikaishia juu ya magoti, mwaka mmoja tu. Umeme ulikuwa umekatika ila kwa mwanga ule nilitungia uzi sindano nje kwenye kigoda bila tochi, nikafumua pindo vidole viwili, nikalishona upya, yeye amekaa ananishikia kitambaa. Hakuongea mengi. Aliuliza kama atarudia form one na wale wadogo. Nikasema ndiyo. Akasema watanicheka. Nikasema watakucheka wiki mbili. Akafikiria akasema tatu.

Siku ya tano, Jumatatu. Shule

Tulienda naye asubuhi, Mwalimu, mimi, na mama yake amevaa kitenge kipya. Mkuu wa shule alikuwa na foleni ya wazazi mpaka kwenye mwembe. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali warudi, hata waliojifungua, kwa hiyo hilo halikuwa na mjadala, alichukua maelezo akaandika kwenye rejista. Mjadala ulikuwa kwenye mchango. Mwalimu mmoja mezani akasema bila elfu kumi na tano ya dawati haingii darasani. Mwalimu wetu akainama akamwambia kwa upole, kijana, mimi nilikuwa mkuu wa shule, mchango ni wa hiari na mtoto harudishwi nyumbani kwa ajili yake, hilo unalijua na mimi najua unalijua. Dakika tano za macho. Binti akaingia. Sikufurahia sana maana na madawati kweli hayatoshi, niliona watoto wanne wamebanana kwenye moja, na hiyo elfu kumi na tano itakuja kudaiwa tena sisi tukiwa hatupo.

Tukapitia shule ya msingi kuandikisha mapacha. Hapo mwalimu wa afya akatuambia kitu nimekibeba kichwani. Huku kichocho kiko kila mahali, watoto wanaoga ziwani, wanachota ziwani. Dawa zinakuja shuleni bure, mtoto anasimamishwa kwenye kijiti cha kupima urefu, urefu ndo unaamua anameza vidonge vingapi. Lakini prazikwanteli ukimeza tumbo tupu unasikia kizunguzungu, wengine wanatapika, mtoto akitapika mbele ya wenzake siku hiyo nusu ya darasa inakimbia. Kwa hiyo kabla ya dawa ni lazima uji, na uji ni unga wa wazazi, na wazazi mbalimbali mnajua. Gunia mbili za unga. Nimemwambia nitalisema kwenye group, sijaahidi. Nikimaliza kusema naogopa watasema sasa tumekuwa TASAF.

Kivuko cha mchana. Mama ametusindikiza mpaka gatini na mfuko wa dagaa, nimekataa, amekasirika, nimepokea. Mvulana wa babu tumevuka naye, amekaa juu ya tranka yake anaangalia maji upande wa Bwisya mpaka tulipofika mbali, hatukumsemesha.

Dogo yuko kwenye ngazi anahangaika na simu. Ile programu yetu ya kutunza mikopo ina sehemu ya tarehe ya marejesho na haikubali maneno, ameandika "mwezi ukijaa" mara tatu inamgomea kwa herufi nyekundu. Mwisho akaenda kwa mama mmoja aliyekaa juu ya viroba, akachuchumaa mbele yake, shikamoo mama, samahani, eti mwezi unajaa tena lini? Mama akaangalia angani ingawa ni saa nane mchana, akahesabu kwenye vidole, akarudia kuhesabu, akamtajia tarehe. Dogo akaijaza. Ikakubali.